Kompyuta inasema memori imekwisha: kusoma dalili za kumbukumbu pepe na kuzitibu

Laptopu ililetwa kwangu Jumamosi na lalamiko la siku zote: "Inaganda." Mwenyewe, shangazi yangu anayeuza steshenari, alikuwa ameshaambiwa na watu watatu kwamba ni virusi. RAM GB 8, diski ya SSD, Windows 10. Mashine ya namna hiyo haina sababu ya kugoma kwa Excel mbili na Chrome. Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nikaingia Performance, kisha Memory, nikasoma mstari mmoja: Committed 7.5/7.7 GB. Sikuhitaji kutafuta zaidi. Kuna mtu alikuwa amezima kumbukumbu pepe (virtual memory), ile sehemu ya diski inayoisaidia RAM.

Ili mstari huo ukwambie kitu na wewe, mfikirie fundi cherehani. Meza yake ndiyo RAM: nguo anazoshona sasa hivi ziko pale, mkono unazifikia. Chini ya meza ana mfuko wa salfeti, na humo hutupia nguo zilizoanzwa lakini haziguswi leo. Mfuko huo kwenye Windows ni faili liitwalo pagefile.sys, faili la kurasa, ambalo hukaa limefichwa kwenye diski C. Linaitwa hivyo kwa sababu memori hukatwa vipande vidogo vya KB 4, na kila kipande huitwa ukurasa.

Programu ikiomba memori, kwanza hupewa ahadi. Na tofauti na mafundi tunaowajua wiki ya mwisho ya Ramadhani, Windows haiahidi isichoweza kutimiza. Jumla ya ahadi zote haiwezi kuzidi meza na mfuko vikiwekwa pamoja. (Linux ndiyo yenye tabia ya fundi wa Idi: hupokea vitambaa vya kila mtu, ikizidiwa inachagua programu moja na kuiua.) Kwenye mstari wa Committed, namba ya kwanza ni ahadi zilizokwisha kutolewa, ya pili ni kikomo. Kwa shangazi kikomo kilikuwa 7.7, yaani RAM peke yake baada ya kadi ya picha kuchukua sehemu yake. Mfuko haukuwapo.

Kwa hiyo kabla hujagusa mpangilio wowote, fungua programu zote unazozitumia kwa siku ya kawaida, kisha soma namba hizo mbili. Ziandike kwenye karatasi. Karibu kila kinachofuata kinategemea namba hizo.

Ujumbe wa "Your computer is low on memory", na RAM bado ina nafasi

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu kuliko zote. Wanatazama grafu ya RAM, wanaona asilimia 70, halafu Windows inawaambia wafunge programu. Excel nayo inadai memori haitoshi kumaliza kazi, na Chrome inaangusha ukurasa kwa maandishi ya Out of Memory. Hakuna uongo hapo. Meza ina nafasi, lakini ahadi zimefika kikomo. Programu nyingi huomba memori nyingi kuliko zinayoigusa, na Windows huihesabu ile iliyoombwa.

Ukitaka ushahidi wa maandishi, fungua Event Viewer, nenda Windows Logs, kisha System, utafute tukio namba 2004 la Resource-Exhaustion-Detector. Ndani yake Windows hutaja kwa majina programu zilizokuwa zimechukua sehemu kubwa wakati ule. Ni kitu kizuri sana na watu wachache wanakijua.

Sababu ya kwanza ni kama ya shangazi: faili la kurasa limezimwa. Mara nyingi mtu ameona video inayosema kulizima kunaongeza kasi au kunailinda SSD isichakae. Hofu ya kuchakaa ni ya zamani, na hata enzi hizo haikuwa na nguvu. Microsoft walipolipima faili hili enzi za Windows 7, mwaka 2009, walikuta kusomwa kwake kunazidi kuandikwa kwa takriban mara 40, wakasema mahali pake panapofaa ni kwenye SSD.

Sababu ya pili ni namba ndogo iliyowekwa kwa mkono miaka iliyopita. Nimekuta mashine za GB 4 zenye kiwango cha juu cha MB 1024 na mwenyewe hajui kilitoka wapi. Ya tatu ni diski C iliyojaa mpaka faili likakosa pa kukua.

Tiba ya mbili za kwanza ni moja:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika SystemPropertiesPerformance, kisha Enter.
2. Nenda kwenye kichupo cha Advanced. Chini pana sehemu ya Virtual memory, bofya Change.
3. Weka tiki kwenye kisanduku cha juu kabisa, Automatically manage paging file size for all drives.
4. Bofya OK kwenye kila dirisha, kisha chagua Restart. Usichague Shut down.

Hilo la Restart nalisisitiza kwa sababu. Windows 10 na 11 zina kitu kiitwacho Fast startup: ukizima kwa Shut down, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama ilivyokuwa. Unadhani umeanza upya, kumbe umelala na kuamka.

Mashine ya shangazi ilipowaka, kikomo kilikuwa kimefika 9 na kitu. Nikafungua vichupo ishirini vya Chrome makusudi, kikapanda chenyewe. Hivyo ndivyo mpangilio wa kujiendesha unavyofanya kazi: ahadi zikifika asilimia 90 ya kikomo, Windows hurefusha faili. Huweza kulifikisha mara tatu ya RAM au GB 4, kikubwa kati ya hivyo, lakini kamwe si zaidi ya sehemu moja ya nane ya ukubwa wa diski lilipo.

Hiyo moja ya nane ndiyo inayowaumiza waliogawa diski. Mafundi wengi huku kwetu, wakiweka Windows upya, hukata C iwe GB 40 na kilichobaki wakakipa D "ya kuwekea mafaili". Nane kwenye 40 ni tano. Faili litakoma GB 5 hata kama D ina GB 400 zilizolala bure. Ukiikuta hali hiyo, ongeza C kama unaweza. Kama huwezi, weka ukubwa kwa mkono.

Kuweka kwa mkono kuna hesabu yake, na hesabu hiyo si ile ya "RAM mara moja na nusu" inayorudiwa kila mahali. Kanuni hiyo ilitoka wakati RAM ikihesabiwa kwa megabaiti. Kwenye mashine ya GB 32 itakudai GB 48 za diski kwa kazi isiyokuwapo. Chukua ile karatasi yako. Tuseme kazi ikiwa imekolea, namba ya kwanza ya Committed ilifika 9.2, na RAM inayoweza kutumika kwenye mashine hiyo ni 3.9. Toa: unabaki na 5.3. Hicho ndicho mfuko unachopaswa kubeba kwa uchache. Mimi ningeweka Initial size 6144 na Maximum size 10240, yaani GB 6 na GB 10, maana visanduku vile vinataka megabaiti na GB moja ni MB 1024. Anayeandika "6" pale akidhani ni giga atakutana na mimi Jumamosi ijayo.

Hakuna ujumbe wowote, ila kila kitu kinatambaa

Unabofya dirisha, linakuja baada ya nusu dakika. Taa ya diski haizimi. Kwenye Task Manager, Disk inasoma asilimia 100 na Memory asilimia 90 na zaidi. Hapa kumbukumbu pepe haijaharibika. Inafanya kazi kupita kiasi, kama fundi anayeinama na kuinuka kutafuta nguo mfukoni mpaka hapati muda wa kushona.

Tuhesabu gharama ya kuinama. Diski ya kuzunguka ya laptopu, ile ya mizunguko 5400 kwa dakika, hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 11. Kwa wastani ukurasa unaoutaka uko nusu ya mzunguko mbele, na bado mkono wa kusomea unatakiwa usogee. Jumla ni kama milisekunde 15. RAM hujibu kwa nanosekunde 100 hivi. Kama kufika kwenye RAM kungechukua sekunde moja, kufika kwenye diski hiyo kungechukua karibu siku mbili. Ndiyo maana mtu anayeniuliza "niweke virtual memory ngapi ili iwe kama RAM ya 8" simjibu kwa namba.

Thibitisha kwanza. Kwenye kisanduku cha Windows+R andika resmon, nenda kichupo cha Memory, tazama grafu ya Hard Faults/sec. Kupanda kwa ghafla programu inapofunguka ni kawaida, kwa kuwa hata kusoma faili la programu yenyewe huhesabiwa humo. Kinachotisha ni mstari usioshuka dakika nzima ukiwa umefungua vitu vilevile tu.

Ukithibitisha, mpangilio wowote wa faili la kurasa hautakusaidia. Punguza programu zinazojiwasha zenyewe, punguza vichupo, halafu weka pesa kwenye RAM au SSD. Kwa laptopu ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, ambazo ndizo zinazojaa kwenye maduka ya mtumba Dar na Nairobi, mimi huanza na SSD ikiwa mwenyewe anaweza kimoja tu, kwa sababu inaharakisha kila kitu, mfuko wa salfeti ukiwemo. Kama ana uwezo wa vyote, vyote. Kabla hujanunua RAM, rudi Performance, Memory, usome Slots used: ikiwa 1 of 2, una nafasi ya kuongeza bila kutupa ya zamani. DDR3 na DDR4, vizazi viwili vya RAM, haziingiliani, pengo la kadi liko mahali tofauti, na mashine nyingi za DDR3L zinataka zile za volti 1.35. Chomoa ya zamani, nenda nayo dukani mkononi. Na fungua mashine kwanza uone, maana nyingine nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye ubao.

Kuhamishia faili la kurasa kwenye D ili "kupumzisha C" hakusaidii ikiwa C na D ni vipande vya diski moja. Mkono wa kusomea ni uleule. Umeuongezea safari tu.

Kila ukiwasha: "Windows created a temporary paging file"

Windows ilitafuta faili mahali palipoandikwa kwenye mipangilio, haikulikuta au haikuweza kulitumia, ikajitengenezea la muda. Sababu ninayoikuta zaidi ni diski iliyoondoka: faili lilikuwa limewekwa D, D ilikuwa diski ya pili, diski ikafa au ikachomolewa. Sababu nyingine ni hitilafu kwenye mfumo wa mafaili wa C.

Fungua dirisha lile la Virtual memory, ondoa tiki ya juu, bofya kila diski kwenye orodha. Kwenye kila diski isiyo C weka No paging file na ubofye Set. Kwenye C chagua System managed size, bofya Set. Restart. Ikirudi, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi uendeshe chkdsk C: /f, ukubali ikague mashine inapowaka upya, na baada yake sfc /scannow. Ikiendelea bado, kuna thamani iitwayo PagingFiles kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management. Kwa mpangilio wa kujiendesha inapaswa kusomeka ?:\pagefile.sys, na alama ya kuuliza ni sehemu yake. Ukiikuta tupu au ina herufi ya diski isiyokuwapo, umempata mwizi. Hifadhi nakala ya ufunguo huo kwa Export kabla hujaandika chochote.

Chkdsk ikitaja sekta mbovu, acha habari ya kumbukumbu pepe. Nakili mafaili yako leo.

Diski C imejaa na pagefile.sys ndiyo kubwa kuliko yote

Ukilijaribu kulifuta utaambiwa linatumika, na ukilifuta kwa ujanja kupitia flashi ya Linux, Windows italitengeneza tena itakapowaka. Usishindane nalo. Tazama kwanza jirani yake, hiberfil.sys, linalotumika mashine inapolala usingizi mzito na kwenye Fast startup. Kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo kwenye mashine ya GB 8 ni kama GB 3.2. Kama hutumii Hibernate, amri ya powercfg /h off, kwa haki za msimamizi, inaliondoa lote. Kisha endesha cleanmgr, bofya Clean up system files, uone kama kuna Windows ya zamani imeachwa baada ya sasisho kubwa. Baada ya hapo folda ya Downloads. Ni mara chache sana nimefika hatua ya nne.

Kama bado unataka kulibana faili la kurasa, libane kwa ile hesabu ya karatasi. Kulishusha chini ya MB 800 kuna hasara nyingine: siku skrini ya bluu ikitokea, Windows inaweza ishindwe kuandika rekodi ya kilichoiangusha, na fundi atabaki kubahatisha.

Namba ulizoweka hazishiki

Hukubofya Set. Kweli, mara nyingi ni hilo tu: unaandika namba, unabofya OK, dirisha linafunga bila kulalamika na hakuna kilichobadilika. Ikiwa ulibofya na bado zinarudi, angalia kama una programu ya "kusafisha" au "kuharakisha" kompyuta, maana baadhi hupanga upya mambo haya kila mashine inapowaka. Iondoe. Sijawahi kuona kompyuta iliyozidi kuwa mbaya kwa kuondolewa programu hizo.

Programu moja tu ndiyo inayokufa

Hapa kuna mambo mawili tofauti. La kwanza ni programu inayovuja: inaomba memori na hairudishi. Kwenye Task Manager nenda Details, bofya kulia kwenye vichwa vya safu, Select columns, uweke tiki Commit size. Iache mashine saa moja bila kuigusa. Programu ambayo namba yake imepanda wakati hakuna anayeitumia ndiyo yenye tatizo, na ukiongeza faili la kurasa unaahirisha tu saa ya kuanguka. Isasishe au ibadilishe. Ikiwa jina lake hulijui na inakula pia CPU, hapo sasa ndipo pa kutafuta virusi.

La pili ni programu za biti 32. Kwa kawaida kila moja ina GB 2 tu za anwani, yaani memori inayoweza kuifikia, hata ukiwa na RAM GB 64. Programu ya zamani ya kuhariri picha au ya hesabu itakwambia memori imekwisha na Committed iko nusu. Tafuta toleo la biti 64.

Windows yenyewe pia inaweza kuwa ya biti 32, na hilo hulikuta kwenye mashine zilizowekwa Windows na mtu mwenye flashi moja kwa wateja wote. Fungua Settings, System, About. Ukisoma 8.00 GB na pembeni yake 3.41 GB usable, na chini yake 32-bit operating system, x64-based processor, basi umelipia giga nane na unatumia tatu na nusu. Prosesa inaweza, Windows ndiyo haiwezi. Dawa ni kuweka Windows ya biti 64 upya, na hakuna njia ya kupanda kutoka 32 bila kufuta, kwa hiyo nakala za mafaili kwanza.

Kuzima kunachukua dakika nyingi

Kama kulianza baada ya mtu "kuongeza usalama", nenda kwenye ufunguo uleule wa Memory Management ukaangalie ClearPageFileAtShutdown. Ikiwa 1, Windows inalifuta faili zima la kurasa kwa kuliandika juu kila unapozima, na kwenye diski ya kuzunguka yenye faili la GB 8 utapata muda wa kuchemsha chai. Mwenye siri za ofisi kwenye laptopu anayo sababu ya kuvumilia. Wengine irudisheni 0, kisha Restart.